Gari linashika kwenye stata, ukiuachia ufunguo linazima

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tanga, nina Corolla KE70 aliloniachia marehemu baba, injini 4K ya kabureta, distribyuta ya pointi. Tangu mwaka jana lilikuwa na tabia moja: likishapata moto, tuseme nakwenda Muheza na nimeshapita Pongwe, linazima ghafla kama mtu kazungusha ufunguo. Nikikaa kando dakika 20 au 30 linawaka na kwenda kama si lenyewe. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya petroli. Wa pili akafungua kabureta. Wa tatu akaweka plagi, kepu, rota na koili, vyote vipya. Tangu siku ya koili limezuka jingine: nikipiga stata injini inashika, lakini nikiuachia ufunguo inazima papo hapo. Sasa haliendi popote. Fundi wa nne anasema waya zote zing'olewe, zifungwe upya. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Usimkubalie. Gari la zamani likishang'olewa waya zote na mtu asiyejua tatizo liko wapi, hurudi na waya za rangi mpya na ugonjwa uleule, na hata mchoro wa kiwandani haukufai tena maana rangi hazilingani.

Hapo una hitilafu mbili, usizichanganye. Ya kuzima likipata moto ni ya zamani na bado imejificha mahali. Ya kuzima ukiuachia ufunguo ni changa, imezaliwa siku ya koili, na karibu inajitaja jina. Tuanze na changa, kwa sababu usipoiondoa huwezi hata kufika Pongwe kuitafuta ile nyingine.

Fuata njia ya umeme kichwani kwanza. Unatoka kwenye betri, unapita swichi ya ufunguo, unapita kirezista kinachoitwa balasti, unaingia koili kwenye chanya, unatokea kwenye hasi, unakwenda distribyuta kwenye pointi, yaani vinywa viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na pointi zinaukabidhi kwa bodi ya injini, ndiyo ethi, urudi betri. Pointi zikigusana mkondo unapita na koili inajaa sumaku. Zikiachana, mkondo unakatika, ile sumaku inaporomoka, na kwenye waya nyembamba zilizozungushwa ndani ya koili unazaliwa umeme wa voti 15,000 na zaidi, unaokwenda plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo linatendeka mara 100 kila sekunde. Ni mpango ule ule Mmarekani Charles Kettering aliouingiza kwenye Cadillac mwaka 1910. Gari la baba yako na lile Cadillac, kwa upande wa cheche, ni ndugu.

Sasa balasti. Stata inapozungusha injini inakula umeme mwingi, na betri ya voti 12 inashuka hadi 10 au chini kidogo. Cheche ingekuwa dhaifu wakati ule ule unaoihitaji sana. Kwa hiyo watengenezaji wa zama hizo waliweka koili inayotosheka na voti chache, wakaitilia balasti ya kuipunguzia umeme injini ikishawaka. Halafu wakavuta waya wa pili unaoruka balasti na kuipa koili umeme moja kwa moja, lakini pale tu unapopiga stata. Ukiuachia ufunguo, waya huo unakufa na kazi inarudi kwenye njia ya balasti.

Kwa hiyo dalili yako yenyewe imeshapima nusu ya gari. Injini inashika kwenye stata: basi koili inafanya kazi, pointi zinafanya kazi, kepu, rota, plagi, petroli, vyote vipo. Inazima ukiuachia ufunguo: basi njia ya kawaida imekatika, na juu ya njia hiyo kuna vitu vitatu tu. Balasti, swichi ya ufunguo kwenye nafasi ya ON, na viungio vya waya kati yao. Huyo wa nne anataka kufumua nyumba nzima kwa sababu ya bawaba moja.

Mimi ningetazama balasti kwanza. Kwa kawaida inakaa kwenye mkono ulioshika koili, kipande cheupe cha kauri chenye ncha mbili, na kwa umri huo ukikigeuza vibaya wakati wa kufungua koili kinapasuka ndani bila kuonyesha nje. Au hakikupasuka kabisa: fundi alisahau kurudisha waya mmoja, au aliuona hauna maana akauacha unaning'inia. Nimeshakuta hivyo, waya umefungwa gundi vizuri kabisa na kusokomezwa nyuma.

Utahitaji mita ya kupimia voti na testa ya taa, ile yenye sindano na klipu. Mita ya bei nafuu inatosha. Ila ujue mita ni mwepesi wa kudanganywa: kiungio kilichooza, kimebakiwa na unywele mmoja wa shaba, bado kitaonyesha voti 12 kwa sababu mita haili mkondo wowote wa maana. Taa inakula. Taa ikififia, hapo kuna uongo. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawaachi testa yao ya taa hata wakinunuliwa mita ya kisasa.

Weka gia huru, vuta hendibreki. Fungua kepu ya distribyuta, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele mpaka pointi zigusane. Hatua hii watu wengi huiruka na kupotea. Pointi zikiwa zimeachana hakuna mkondo, na pasipo mkondo balasti haipunguzi kitu, hivyo utaona voti 12 pande zote na kuondoka ukidhani mambo shwari. Zikigusana, ufunguo ON, injini haizunguki: pima upande wa balasti unaotoka kwenye swichi. Unapaswa kuwa karibu na voti za betri. Kisha upande wa pili, ambao ni chanya ya koili. Hapo utarajie voti 5 hadi 8. Kama upande wa kwanza kuna 12 na wa pili hakuna kitu, balasti imekufa. Kama hata upande wa kwanza hakuna kitu, rudi nyuma kwenye swichi na viungio vyake, chini ya usukani. Vua plastiki, tazama soketi ya swichi: kama kuna tundu lililogeuka rangi ya kahawia au plastiki imeyeyuka, umefika. Usiuache ufunguo ON muda mrefu pointi zikigusana. Koili inachemka bure. Pima, zima.

Njia ya mkato, kama huna subira: chukua waya wenye klipu, unganisha chanya ya betri na chanya ya koili, piga stata. Injini ikiwaka na kubaki hai, umeshathibitisha kwamba umeme haufiki kwa njia ya ufunguo. Lakini ni jaribio la dakika moja. Ukizima ufunguo injini itaendelea kuunguruma mpaka uchomoe waya, na koili inayohitaji balasti ukiiendesha hivyo safari nzima utaichoma pamoja na pointi. Nasema hivi kwa sababu najua kuna watu Tanga hiyo hiyo wanatembea na waya wa namna hiyo mwezi wa tatu sasa.

Ukishajua balasti imekufa, usikimbilie kununua nyingine kabla ya kuipima koili mpya. Chomoa waya zake, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya, pima kati ya chanya na hasi. Ukipata omu 1.5 hivi, ni koili inayotaka balasti ya nje. Ukipata 3 hivi, haitaki; inajitosheleza. Ukiweka koili ya omu 1.5 bila balasti, mkondo unakuwa amperi 8 pointi zikigusana, na pointi hizo zitaungua siku chache. Ukiweka ya omu 3 ukaiongezea balasti ya 1.5, unabaki na amperi 2.7, cheche inakuwa nyembamba na ya njano, gari linawaka kwa shida asubuhi na kumisi, yaani kuruka mapigo, kwenye mlima. Kinachotakiwa ni jumla ya omu 3 hivi, amperi 4, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Muuza spea atakwambia "hii ni ya Corolla". Mwambie akuazime mita.

Yaani kama koili uliyouziwa ni ya omu 3, huhitaji balasti mpya hata kidogo: unganisha waya unaotoka kwenye swichi moja kwa moja na chanya ya koili, kwa kiungio kizuri, na hitilafu changa imekwisha. Tena angalia kama kuna mtu amechomeka redio au chaja ya simu kwenye chanya ya koili. Wanapapenda sana hapo kwa sababu panawaka na kuzima na ufunguo. Ondoa.

Sasa tuje kwenye hitilafu ya zamani, iliyokula pesa zako.

Gari linalokosa petroli haliondoki ghafla. Linakohoa, linavuta na kuacha, unakanyaga halijibu, ndipo linakufa. Lako unasema linazima kama mtu kazungusha ufunguo. Sentensi hiyo peke yake ingetosha kumzuia fundi wa kwanza asiguse pampu. Simlaumu sana; gari likizima likiwa na joto kisha likawaka baada ya kupoa, wengi huwaza petroli imegeuka mvuke kwenye mpira, na kwa joto la pwani hilo lipo kweli. Lakini umeme nao unaugua homa. Waya nyembamba ndani ya koili iliyokatika hugusana ikiwa baridi na kuachana ikitanuka kwa joto. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachosaidia pointi, nayo ni hivyo. Swichi ya ufunguo yenye kinywa kilichochakaa inapata joto lake yenyewe, inaacha kupitisha.

Shida ni kwamba wewe unampeleka mgonjwa kwa daktari homa ikiwa imeshuka. Kila fundi amelipima gari likiwa limeshapona. Kwa hiyo ukishaondoa hitilafu changa, tengeneza safari ya makusudi: beba testa ya taa, plagi moja nzima, kitambaa, chupa ya maji, na mtu wa kupiga stata. Nenda mpaka lizime. Likizima usikae kivulini kusubiri. Hizo ndizo dakika zako.

Chomoa waya mnene unaotoka katikati ya koili upande wa distribyuta, uchomeke kwenye ile plagi, laza plagi kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzio apige stata. Usiishike kwa mkono, hakikisha hakuna petroli inayovuja karibu, na mtu mwenye kifaa cha moyo asisogee. Ukiona cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti, umeme wa koili upo, ila kumbuka hapo stata imeruka balasti: achia stata, ufunguo ubaki ON, gusa chanya ya koili kwa testa, na pakiwa giza ni balasti au swichi. Pakiwaka, rudi kwenye kepu na rota, vinavyogawa cheche kwa plagi, na kama hivyo ni vizima, ndipo ufikirie petroli. Usipoona kitu, klipu ya testa kwenye chuma, sindano kwenye hasi ya koili, piga stata tena.

Taa hiyo inasema mengi. Ikimeta-meta, pointi zinafungua na kufunga sawasawa, na bado hakuna cheche, basi umebaki na koili au kondensa. Ikiwaka moja kwa moja bila kumeta, umeme umefika kwenye hasi lakini pointi hazimalizi njia kwenda ethi: chafu, mwanya umefunga vibaya, au waya umekatika. Isipowaka kabisa, chomoa waya wa distribyuta kwenye hasi ya koili. Ikiwaka sasa, ndani ya distribyuta kuna kitu kimegusa bodi, mara nyingi kondensa iliyokufa au ile plastiki ya kuzuia pale waya unapoingilia. Bado giza, achia stata, ufunguo ubaki ON, hamia chanya ya koili. Pakiwa giza napo, tatizo liko kwenye swichi au balasti, na pengine hitilafu zako mbili ni moja iliyokuwa ikikomaa. Hilo lisikushangaze. Balasti yenye ufa hukata ikipata moto na kuunga ikipoa, mwaka mzima, mpaka siku mtu anaigeuza na bisibisi na kuimaliza. Kama ningelazimishwa kuweka dau, ningeweka hapo.

Taa ikimeta na cheche hakuna, lowesha kitambaa, kifunge kwenye mwili wa koili, maji yasifike kwenye waya. Injini ikiwaka baada ya dakika mbili tatu badala ya nusu saa, koili ndiyo mgonjwa, mpya au la. Koili kuwa ya moto si ugonjwa. Inayochuruzika mafuta au lami ndiyo ya kutupa. Lakini hiyo yako mpya ilifungwa juzi, na gari halijapata nafasi ya kwenda Pongwe nayo, kwa hiyo hatujui bado kama ile ya zamani ilikuwa na kosa. Umeihifadhi? Itafute kabla kijana wa gereji hajaiuza kwa kilo.

Kondensa nitaisemea pembeni, maana haina adabu. Kazi yake ni kuupokea umeme pale pointi zinapoachana, ili usirukie kati ya vinywa vyake. Ikichoka, vinywa vinaungua, vinakuwa vya rangi ya buluu na weusi, cheche ya plagi inafifia. Ukiwa na mita inayosoma maikrofaradi, 0.2 hadi 0.25 ndiyo kawaida, lakini nzima kwenye baridi haimaanishi nzima kwenye joto. Ndicho kipuri pekee ninachokuruhusu kubadilisha kwa kubahatisha, kwa sababu ni rahisi. Na ile ya zamani usiitupe. Kuna kondensa mpya sokoni zinazokufa kabla ya ile ya zamani.

Nikupe kisa. Miaka mingi nyuma nilihangaika na pikapu moja, nikabadilisha koili mbili na kondensa tatu. Ilikuwa inazima ukikanyaga mafuta ghafla, tena ikiwa na moto. Mwisho nikakalia ndoo nikaitazama distribyuta iliyo wazi huku kijana akivuta kwa mdomo mpira wa vakyumu, ule unaoleta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Bamba linalobeba pointi linazunguka kidogo kila vakyumu inapovuta, na kuna kiwaya kifupi laini kinachojikunja nalo. Nje mpira wake mzima, ndani shaba ilikuwa imekatika. Kikinyooka, kinaacha. Kiwaya cha urefu wa kidole. Kishike chako, kivute polepole. Kikirefuka kama mpira mtupu, ndani hamna kitu.

Halafu ethi, kwa sababu uko Tanga. Upepo wa chumvi unakula shaba mpaka inakuwa kijani chini ya mpira, na bodi inaota kutu palepale waya wa ethi ulipofungwa. Ufunguo ON, pointi zikigusana, weka mita kati ya hasi ya koili na nguzo ya hasi ya betri. Usome chini ya voti 0.3. Kipimo hicho kimoja kimepitia vinywa vya pointi, kile kiwaya, bamba, mwili wa distribyuta, injini, na waya mnene wa ethi. Kikizidi, sogeza sindano hatua moja moja kuelekea betri, na pale namba inaposhuka ghafla umepita juu ya ubovu. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga.

Ukimaliza hayo, weka mwanya wa pointi milimita 0.45 kwa fila geji, kile kipimo cha vibamba vyembamba, kisigino cha pointi kikiwa juu ya kilele cha kamu, ile shina lenye pembe linalozifungua, futa mafuta kwenye vinywa, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche, ipimwe upya. Kisigino kinavyolika mwanya unapungua na cheche inachelewa, ndiyo maana lazima viende pamoja. Mpangilio wa silinda kupata cheche ni 1-3-4-2. Namba ya taimingi ifuate kibandiko cha gari lenyewe, si ya gari la jirani.

Watakushauri uondoe pointi uweke mfumo wa elektroniki. Si ushauri mbaya, ila usiufanye sasa. Kifaa hicho kinalishwa na swichi ile ile na kinategemea ethi ile ile, na kikikosa voti hakimisi, kinanyamaza kabisa.

Niandikie ukishapima: omu za koili mpya, voti za pande mbili za balasti pointi zikigusana, na voti kati ya hasi ya koili na hasi ya betri. Na useme kama balasti uliikuta imefungwa au inaning'inia.